Ramani Iliyoishia Mombo

Hebu fikiria baraza ya nyumba moja ya matofali ya kuchoma, juu ya mji wa Lushoto, njia ya kupandia Magamba. Mbele ya baraza pana bustani ya kabichi, ng'ambo ya bustani pana ua wa misaipresi, na nje ya ua inapita barabara ya udongo mwekundu. Umeshaviona? Sasa vifute, kimoja kimoja, kuanzia mbali. Futa barabara. Futa ua. Futa kabichi mpaka ubaki na safu ya mbele tu, ile iliyo karibu na ngazi. Hivyo ndivyo ukungu ulivyoshuka alasiri ile ya Alhamisi, na hapo barazani, kwenye kigoda, sinia la njegere likiwa mapajani, aliketi mama mmoja aitwaye Efrazia.

Efrazia alikuwa mjane. Mumewe, Nathanaeli, alikuwa amefariki miaka michache nyuma, na ndani ya nyumba walibaki wawili, yeye na binti yake Eliza. Eliza alikuwa amechaguliwa kusoma uuguzi katika chuo kimoja cha Dodoma. Kilichobaki kilikuwa kitu kidogo: kuingia kwenye tovuti ya chuo na kuthibitisha kwamba nafasi ile anaitaka, kabla ya Ijumaa ya wiki iliyofuata. Asipothibitisha, atapewa mwingine. Mjomba wake Martin, aliyekuwa akiishi Tanga, alifurahi mpaka akamtumia kompyuta mpakato mpya, na alasiri hiyo Eliza alikuwa chumbani akiitoa kwenye boksi lake taratibu, kama mtu anayemvua mtoto nguo bila kumwamsha.

Watu wa milima hii wana desturi yao kuhusu ukungu. Ukiwa mzito, huamkia sauti. Mtu husikia kikohozi au kishindo cha viatu njiani, akapima kwa masikio kama anayekuja ni mkubwa wake, akatoa shikamoo kabla hajaona uso. Kungoja mpaka uuone uso ni kukosa adabu, maana mzee anaweza kukupita akaenda zake, na jioni ukasikia kwa majirani kwamba siku hizi una kiburi. Mtoto hufundishwa hivyo kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Efrazia naye alifundishwa hivyo.

Basi alisikia kikohozi njiani, kikavu, cha mtu mzima. Akasikia fimbo ikigonga jiwe la ngazi. Hakuinua macho kutoka kwenye njegere, kwa kuwa hapakuwa na cha kuona.

"Shikamoo," alisema.

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo. Karibu, pita ndani. Baridi hii si ya kusimama nje."

"Nimekaribia. Mkubwa wa nyumba yupo?"

Sauti ilikuwa ya upole, yenye Kiswahili cha polepole cha wazee waliokulia kwenye Kishambaa. Efrazia alidhani ni mzee wa vijiji vya juu aliyekuja kuulizia mbegu.

"Hayupo, tate," alijibu, akimwita baba kwa Kishambaa. "Alishatangulia. Mkubwa hatuna siku hizi. Tupo mimi na binti, na huyo naye anataka kuniacha, aende Dodoma kusoma."

Aliyasema hayo kwa mzaha, kama wanavyosema akina mama wote wenye watoto wa kusafiri, na ndani ya mzaha kulikuwa na uchungu kidogo, kama kawaida.

"Haendi," ilisema sauti. Haikuwa na ukali. Ilikuwa kama mzee anapomaliza shauri ili watu wakalale.

Kisha kitu kilimpita. Alihisi ubaridi wa koti lililoloa ukigusa shavu lake, akasikia harufu ya ugoro. Alimaliza ganda lililokuwa mkononi, akainuka kwenda kumwekea mgeni chai. Sebuleni hapakuwa na mtu. Kile kiti cha mikono cha marehemu Nathanaeli, ambacho tangu msiba hakuna aliyekikalia, mto wake ulikuwa umebonyea na kulowa. Aliushika. Ulikuwa wa moto kama kiti kilichoachwa sasa hivi.

"Eliza, umemwona mzee aliyeingia?"

"Mzee gani?" Eliza aliitika kutoka chumbani. "Mama, hebu njoo uone. Mashine mpya kabisa, imeshaanza kuringa."

Eliza alikuwa ameiunganisha kompyuta na mtandao wa simu yake. Alifungua taarifa za habari, zikafunguka. Alifungua nyimbo za kwaya, kwaya ikaimba. Alipoandika anwani ya chuo, kioo kikawa cheupe. Hakikutoa maneno ya kusema kwamba tovuti imeshindikana. Weupe ulianzia pembeni ukasogea katikati, kama kioo cha dirisha unapokipumulia.

"Labda bando limeisha," alisema Efrazia, ambaye kwake ugonjwa wowote wa simu ulikuwa bando.

"Bando lipo, mama. Si umesikia kwaya?"

Akajaribu tena. Akazima, akawasha. Akajaribu kwa simu yenyewe bila kompyuta, na kioo kidogo cha simu nacho kikawa cheupe vilevile. Hapo ndipo waliposikia kiti cha sebuleni kikilia, ule mlio wa mbao mtu mzito anapojiegemeza.

"Paka huyo," alinong'ona Efrazia.

"Mama, hatuna paka."

Kesho yake walishuka mjini kwa Bakari, fundi wa simu na kompyuta mwenye kibanda karibu na stendi. Bakari alikuwa kijana mcheshi, mwenye mazoea ya kuzungumza na mashine kuliko na wenye mashine.

"Shikamoo, mama Eliza. Ee, hii hata nailoni ya kioo hamjabandua. Inasumbua nini?"

"Inachagua tovuti," alisema Eliza. "Nyingine inafungua, nyingine haitaki."

"Basi imeanza chuo kabla yako. Mwenzio anachagua masomo."

Aliigeuza, akaipapasa, akaiwasha. Haukupita muda akatabasamu na kuwaonyesha pembe ya kioo. "Tazameni saa yake. Imeganda jana alasiri. Tovuti za maana zina mlinzi mlangoni. Kompyuta ikifika na tarehe isiyo ya leo, mlinzi haielewi, anafunga geti. Kosa dogo tu, linawapata wengi."

Akairekebisha saa, akasafisha kumbukumbu za kivinjari, akaandika anwani ya chuo. Ukurasa ukafunguka wote, na picha za wanafunzi waliovaa nguo nyeupe wakicheka. Eliza alijaza palepale, mpaka yakatokea maneno: Hongera, umethibitisha nafasi yako. Efrazia aliyasoma kwa sauti. Alifurahi, na furaha ile ilimchoma kidogo, lakini alifurahi.

Walipofika nyumbani Eliza aliiweka kompyuta mezani ili amwonyeshe mama yake tena zile picha. Saa ilikuwa imerudi Alhamisi alasiri. Picha hazikufunguka. Kilichofunguka ni ujumbe mmoja mpya kutoka chuoni, na Eliza aliusoma kwa sauti: Tumepokea ombi lako la kujitoa. Tunakutakia maisha mema hapo nyumbani.

"Mimi sijaandika kitu, mama. Tumekuwa wote njiani."

Alijaribu kupiga simu chuoni, simu haikushika mpaka alipotoka nje ya ua, akasimama barabarani. Mama mmoja mwenye sauti nzuri alimwambia kwamba ndiyo, amejitoa mwenyewe, ila orodha haijafungwa, anaweza kuthibitisha upya mpaka Ijumaa. Eliza alirudi ndani akilia kimya. Alipopita sebuleni alipiga chafya. Ni ugoro, alisema, nani anavuta ugoro humu?

Jumatatu Bakari alipanda mwenyewe na mfuko wake wa vifaa, aone mtandao wa pale una nini. Ukungu ulikuwa unaanza kukaa kwenye kabichi. Alipotaka kuketi, Efrazia alimzuia.

"Usikae hicho."

"Kimevunjika?"

"Hakijavunjika. Usikae tu, baba."

Bakari akavuta kigoda, akaanza kazi. Alikuwa na njia yake: kitu kikikataa, hakipigi rungu, anakiuliza maswali madogo madogo. Aliandika hali ya hewa ya Lushoto. Ikafunguka. Akaandika ya Dodoma. Weupe. Ya Tanga, weupe. Jinsi ya kupika keki, ikafunguka mpaka na picha ya keki. Safari za mabasi ya Dar, weupe. Bei za karoti kwenye soko la Lushoto, zikafunguka. Mzaha ulikuwa umemwisha mdomoni.

"Ngoja tuone ramani," alisema.

Ramani ikaja, safi, yenye kila kijia. Mtae ilikuwepo kule juu kwenye ukingo wake, Shume ilikuwepo na msitu wake, na barabara ya lami ilishuka kona baada ya kona, ikapita Soni, ikafika Mombo. Bakari akaweka kidole akaisukuma mbele, atafute barabara kuu. Haikuwepo. Korogwe haikuwepo, wala Same. Baada ya Mombo hapakuwa na kitu, na ramani haikukatika ghafla, ila ilififia polepole kama kilima kinavyofifia alasiri, na nchi yote iliyobaki, pande zote, ilikuwa nyeupe.

"Mama Eliza," alisema Bakari kwa sauti ya chini, bila kugeuka, "mashine hii haijaharibika. Kila kilichopo huku inakifungua. Kinachomtoa mtu huku ndicho haitaki."

Efrazia alitaka kumjibu, lakini aliona ukungu ukiingia sebuleni ingawa madirisha yalikuwa yamefungwa, ukiingia chini ya mlango na kutambaa sakafuni kama maziwa yaliyomwagika, na harufu ya ugoro na koti bichi ikajaa mpaka ikawa nzito kwenye ulimi, na ndipo spika ndogo ya kompyuta, iliyokuwa haina wimbo wala sauti, ilipokohoa, kikohozi kikavu cha mtu mzima, na Bakari, aliyelelewa na mama mwenye adabu na ambaye maishani mwake hajawahi kumpita mkubwa bila kumwamkia, akajikuta ameshasema kabla akili yake haijamwahi:

"Shikamoo."

"Marahaba," kiti kikajibu, nyuma ya mgongo wake.

Bakari alikusanya vifaa vyake kimoja kimoja. Bisibisi ilimdondoka, hakuiokota. Mlangoni alimshika Efrazia mkono.

"Hii siyo kazi yangu, mama. Na mimi nimeshamwamkia. Ameshanijua."

"Nani amekujua?"

"Mkubwa wenu."

Ndipo Efrazia alipoyakumbuka yote, neno kwa neno, shikamoo, karibu ndani, mkubwa hatuna siku hizi, na akashika mwimo wa mlango.

Bakari hakuwatupa. Alijaribu kumthibitishia Eliza akiwa kibandani kwake, kwa kompyuta yake mwenyewe, na maneno ya hongera yakafutika mbele ya macho yake, herufi kwa herufi. Eliza akasema basi, atakwenda Dodoma mwenyewe, akasimame mlangoni mwa chuo wamwone. Jumatano asubuhi alipanda basi. Lilishuka kona zote salama, likapita Soni, na lilipoanza kuingia Mombo, kwenye joto na wauza machungwa, macho ya Eliza yakawa meupe. Hakuona wauza machungwa, hakuona kiti cha mbele yake, hakuona mikono yake. Kondakta alimshusha akimshika kama kipofu, akampandisha kwenye gari lililokuwa linarudi Lushoto, na kadiri gari lilivyopanda mlima ndivyo alivyorudishiwa kuona, kwanza miti, kisha watu, kisha, alipofika nyumbani, kiti cha baba yake kilichokuwa kimegeuzwa kutazama mlango.

Wazee wa kanisa walikuja kuomba. Waliomba vizuri na waliimba vizuri, na kiti kilitulia muda wote kwa heshima, kama mwenye nyumba anayewasikiliza wageni. Walipoondoka, kilikohoa.

Alhamisi, ikiwa imebaki siku moja, jirani yao Secilia alimleta Bi Hawa, mwanamke mkulima wa karoti wa mabondeni chini ya Shume, anayejulikana kwa mambo ya majini. Efrazia, Mlutheri wa tangu kuzaliwa, aliona haya kumpokea, lakini shida ilikuwa kubwa kuliko haya. Bi Hawa aliingia na chungu cha makaa, midomo imefumbwa. Hakumwamkia mtu. Aliketi kwenye mkeka akikipa kiti mgongo, akatia ubani, na moshi ukapanda ukafika kwenye kiti, ukagawanyika mara mbili na kupita pembeni.

"Nani alimkaribisha?" aliuliza kwa mnong'ono.

"Mimi. Sikumwona. Niliamkia tu."

"Akaitika?"

"Akaitika."

Bi Hawa alitikisa kichwa taratibu. "Angekuwa mgeni tungemtoa. Ubani wangu ni wa kutoa wageni. Wewe ulimpa shikamoo, kisha ukamwambia nyumba haina mkubwa. Sasa ninyi ndio watoto humu. Mtoto anamfukuzaje mkubwa aliyemwamkia?"

"Kwa hiyo binti yangu ndiyo basi?"

"Mkubwa huombwa. Ila akiachia kitu mkono huu, hushika kingine kwa mkono ule. Ujue hilo kabla hujapiga magoti."

Efrazia akamtuma Eliza kisimani pamoja na Secilia. Aliwasikiliza mpaka sauti zao zikamezwa na ukungu, kisha akapiga magoti sakafuni, mbele ya kiti ambacho mto wake ulikuwa umebonyea, akautazama mto ule kama anautazama uso.

"Tate, mwache mtoto aende."

Mkono usioonekana uligonga mbao ya kiti, polepole, kama mtu anayefikiri.

"Ulisema anakuacha," sauti ilijibu, upole uleule wa siku ya kwanza. "Ulilalamika kwangu, mwanangu. Mimi nikakusikia."

"Nilisema tu, tate. Akina mama husema."

"Mimi sijui kusema tu."

Efrazia alihisi machozi yakimshuka, hakuyafuta, na aliendelea kuomba kwa maneno yaliyokuwa yakija yenyewe, kwamba mtoto yule hakumwamkia, hakumkaribisha, alikuwa chumbani akifungua boksi lake, kwamba ameisubiri nafasi ile tangu alipokuwa akiwafunga wanasesere vitambaa, kwamba kama nyumba inahitaji mtu basi mtu yupo, ni huyu aliyepiga magoti, ambaye maishani hakuwahi kutaka kwenda mbali zaidi ya soko.

"Utabaki?" iliuliza sauti. "Nyumba haipendi kubaki na nusu ya mtu."

"Nitabaki mzima."

"Basi ataenda. Na mimi nitafunga nyuma yake."

Makaa yakazimika yote kwa mara moja. Bi Hawa akamvuta Efrazia barazani.

"Umesikia mwisho wake?"

"Nimesikia ataenda."

"Amesema atafunga. Binti yako asirudi tena chini ya paa hili, huyu akiwepo. Akirudi atahesabiwa wa humu, na wewe hutakuwa na kitu kingine cha kutoa. Mwambie."

Efrazia aliahidi kumwambia. Lakini alimjua mwanawe. Akimwambia leo, Eliza atavua viatu na kukaa. Akaona ni afadhali amwambie kwa simu, akishafika mbali, akishavaa zile nguo nyeupe. Jambo hilo aliliamua usiku, peke yake, na lilionekana la busara.

Ijumaa kompyuta ilifungua kila kitu. Saa ilikuwa ya leo. Ramani ilikunjuka kutoka Mombo kama mkeka, Korogwe, Morogoro, Dodoma, hadi baharini na hadi kwenye maziwa. Eliza alithibitisha, akangoja, na maneno ya hongera yakakaa. Alimkumbatia mama yake akamzungusha jikoni mpaka sufuria ikaanguka.

"Umeona? Ilikuwa mtandao tu," alisema Eliza, kwa ile haraka ya kijana kusahau kilichomtisha.

"Ilikuwa mtandao," Efrazia akakubali.

Asubuhi ya safari Efrazia alibeba begi la binti yake mpaka kwenye ua wa misaipresi. Hapo miguu yake ikasimama. Aliiamuru, haikwenda. Haikuuma wala haikufa ganzi, ila ilikuwa kama miguu ya mtu mwingine aliyeambiwa abaki.

"Mama, hata stendi hunifikishi?"

"Miguu, mwanangu. Wahi, basi halikungoji."

Eliza alimtazama. Akachukua begi, na usoni mwake lilipita jambo ambalo Efrazia alilisoma vizuri sana: mama amekasirika kwamba naondoka. Kisha ukungu ukamfuta, kwanza begi, kisha kilemba chake chekundu.

Simu iliita baadaye asubuhi hiyo.

"Mama, tupo Mombo. Naona vizuri kabisa. Joto lake, mama, ungecheka."

"Eliza, nisikilize, kuna jambo sikukuambia—"

Kukawa na mlio kwenye simu, kama matone yanayodondoka kutoka kwenye misaipresi. Katikati ya mlio huo mtu akakohoa. Tangu hapo simu ya Efrazia haijawahi kuita tena, na akiipiga namba ya mwanawe anaambiwa namba hiyo haipo.

Secilia alijaribu kwa simu yake, akiwa barabarani. Alimpata Eliza, wakasalimiana, na alipofungua mdomo kusema "Mama yako", koo lilimziba, kikatoka kikohozi kikavu cha mzee ambacho hakikuwa chake. Maana Secilia naye, siku moja ya ukungu, alishaamkia mlangoni pale bila kujua. Mjomba Martin akipigiwa ni hivyohivyo. Secilia akiandika ujumbe, unafika mweupe. Bakari alijitolea kwenda Dodoma mwenyewe, na Mombo akapandishwa gari la kurudi akishikwa mkono.

Ujumbe wa Eliza kwa Secilia ndio unaofika, na Secilia humsomea Efrazia juu ya ua, kwa sababu ndani hataki kuingia. Mwambie mama nimefaulu mtihani wa kwanza. Mwambie juzi nimemsaidia mama mmoja kujifungua. Mwambie, kama amenisusa kwa sababu niliondoka, aseme tu nijue. Na wa mwisho: mwambie Krismasi nakuja nimwombe radhi, hata asipotaka kuniona.

Efrazia husikiliza akiwa ameshika tawi la msaipresi. Kisha hurudi ndani, kwa kuwa muda wa chai umefika, na huweka vikombe viwili. Mkubwa si mkali. Humuuliza kama mgongo bado unauma, na humshukuru kwa chai. Siku hizi, jioni, Efrazia humsikia akihangaika chumbani kwa Eliza, akikung'uta godoro, akifungua na kufunga dirisha, kama watu wanavyoandaa chumba mtoto anapokaribia kurudi.

Sasa wewe unayenisikiliza, pengine hukai milimani huku. Pengine unafika Dodoma kwa shughuli zako, au una mgonjwa wodini kule, na msichana mwenye kilemba chekundu akaja kumbadilishia dripu. Muulize jina. Akisema ni Eliza, wa Lushoto, njia ya Magamba, mvute pembeni umwambie kwa mdomo wako, uso kwa uso. Simu haitakusaidia, na mimi mwenyewe siwezi kwenda, nilishamwamkia. Mengine yote niliyokueleza unaweza kuyasahau, ila naomba ukumbuke hili moja: mama yake hakumsusa, na Krismasi asije.